Lori la mtumba: Mambo ya kukagua kabla ya kupatana bei

BARABARA ya Ngong jijini Nairobi inapita katikati ya mitaa miwili yenye wakazi wengi: Kibera upande wa kusini na Kawangware upande wa kaskazini. Kando yake kuna yadi nyingi za magari yaliyotumika, ambamo magari huoshwa yakang'aa na kuwekewa bei ambayo kila mtu anajua si ya mwisho.

Mengi ya magari hayo ni madogo. Hata hivyo, mteja anayetoka kijiji cha Raila huko Kibera, au Kongo huko Kawangware, mara nyingi hatafuti gari la kumpeleka kazini. Anatafuta gari ambalo lenyewe ndilo kazi: kanta ya kubebea mchanga, mawe, maji, mkaa, viazi au vitanda vya maseremala.

Kanta ni jina la modeli ya lori la Mitsubishi Fuso, lakini Wakenya wamelifanya kuwa jina la karibu kila lori dogo, liwe la Isuzu au la Toyota.

Mteja wa aina hii mara nyingi huja kwa niaba ya wengine. Nyuma yake pana chama cha watu kumi au ishirini ambao wamechanga kila wiki kwa miaka kadhaa. Mwenye mshahara akinunua gari bovu, atapanda matatu huku akilitengeneza. Chama kikinunua lori bovu hukosa mapato, na deni halingoji lori litoke gereji.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kufahamu jinsi mapatano ya lori kuukuu yanavyoendeshwa. Wengi hudhani ushindi ni wa mwenye maneno mengi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya bei huamuliwa na mambo ambayo mnunuzi ameyajua, au amekosa kuyajua, kabla ya tarakimu yoyote kutajwa.

Kwa nini bei haieleweki

Gari jipya lina bei inayojulikana kwa sababu kila moja ni sawa na mwenzake. Lori lililotumika halina mwenzake. Malori mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kutofautiana kama usiku na mchana, moja likiwa limebeba mikate na jingine limebeba mawe.

Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka wa 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji anapojua ubora wa gari nao mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri kwa kuhofia kuuziwa bovu. Wenye magari mazuri basi huyaondoa sokoni na mabovu huzidi kuwa mengi. Mnamo 2001 Akerlof alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Waswahili husema mtu asinunue mbuzi ndani ya gunia. Kazi ya kwanza ya mnunuzi, kwa hivyo, ni kulifungua gunia.

Hesabu ya nyumbani

Kabla ya kwenda yadini, chama kinapaswa kujua lori litafanya kazi gani. Anayebeba mchanga na kokoto anahitaji springi imara na bodi ya chuma. Anayebeba mboga kutoka mashambani usiku anahitaji injini isiyosumbua safarini. Lori linalofaa kazi moja laweza kuwa hasara kwa kazi nyingine, hata likiuzwa kwa bei nafuu.

Hatua inayofuata ni kuweka kikomo cha bei na kukiandika. Tuchukue mfano wa chama cha watu kumi ambacho kimeweka akiba ya Sh800,000. Kosa la kawaida ni kutoa akiba yote kama malipo ya kwanza. Lori huhitaji bima, ada ya kubadilisha umiliki, ukaguzi na matengenezo ya mwanzo. Chama chenye busara kitatenga, tuseme, Sh120,000 kwa mambo hayo na kuingia yadini kikiwa na Sh680,000 pekee za kulipa mwanzo.

Ni vyema pia kuzuru yadi tatu au nne bila pesa, kuuliza bei za malori yanayofanana na kuziandika. Mtu mwenye bei nne daftarini hawezi kuambiwa kwamba bei ya tano ndiyo ya soko.

Lori limetoka wapi?

Swali hili hutangulia swali la bei, kwani malori yanayouzwa yadini huwa ya asili tofauti.

Kuna yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, hasa Japani, ambako magari huendeshwa upande mmoja wa barabara na Kenya. Kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), kupitia kiwango KS 1515 cha mwaka wa 2000, haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo yamepita umri wa miaka minane. Magari hayo pia hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Muuzaji aombwe cheti cha ukaguzi huo, na kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile za dashibodini.

Kuna yaliyotumika humu nchini, ambayo wenyewe wameyaacha yadini yauzwe kwa niaba yao au wameyabadilisha kwa mengine. Hapa muuzaji si mwenye gari, na mnunuzi ana haki ya kumjua mwenyewe.

Halafu kuna yaliyotwaliwa na wakopeshaji baada ya wenyewe kushindwa kulipa. Bei yake huweza kuvutia, lakini mtu aliyekosa pesa za mkopo huenda pia alikosa pesa za kubadilisha oili.

Ukaguzi

Fundi wa kukagua lori awe wa mnunuzi, na alipwe na mnunuzi ujira uliokubaliwa mapema, lori linunuliwe au lisinunuliwe. Fundi anayengoja kitu kidogo kutoka kwa yadi baada ya mauzo hawezi kuona ufa. Dalali pia aulizwe waziwazi analipwa na nani.

Ziara ifanywe asubuhi, na fundi aguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ni moto, huenda imewashwa mapema ili kuficha tabu ya kuamka. Moshi nao husema: mweusi huashiria kasoro ya dizeli au hewa, wa samawati huashiria oili inayoungua, na mweupe usiokoma waweza kuashiria maji yanayoingia ndani ya injini.

Chini ya lori ndiko kwenye siri nyingi. Chasisi iliyopasuka na kuchomelewa huonyesha kwamba lori lilizidishiwa mizigo au lilipata ajali. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni sababu ya kuchunguza zaidi.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni huwa na tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri ilhali mpira wake umezeeka. Kanta nyingi hutembelea tairi sita, kwa hivyo jambo hili si dogo mfukoni.

Malori ya miaka ya karibuni kutoka Japani yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo likiziba, injini hupoteza nguvu, na baadhi ya mafundi hulikata na kulitupa. Mnunuzi aulize kama lingalipo na kama linafanya kazi.

Mwisho, lori liendeshwe kwenye mlima, na ikiwezekana likiwa na mzigo. Lori tupu hudanganya. Giaboksi inayoruka gia na klachi inayoteleza hujitokeza kazi inapokuwa ngumu.

Karatasi kabla ya pesa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la lori ni kitabu cha usajili, maarufu kama logbuku. Kuonyeshwa nakala yake hakutoshi.

Mnunuzi anaweza kutafuta rekodi ya gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kwa kulipa ada ndogo. Rekodi hiyo huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa na maelezo ya gari. Nambari za chasisi na injini zilizomo zisomwe kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Swali jingine ni kama lori limewekwa rehani. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017 ipitishwe, wakopeshaji huandikisha madai yao katika rejesta ya kielektroniki ambayo umma unaweza kuipekua. Anayenunua lori lenye deni la mtu mwingine anaweza kuamka na kukuta limevutwa usiku.

Lori la biashara huhitaji pia cheti cha ukaguzi wa NTSA. Lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 bila mzigo huhitaji kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, sharti lililoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Kinachokosekana kati ya hivi kina gharama, na gharama hiyo ni hoja ya bei.

Meza ya mapatano

Sasa bei inaweza kuzungumzwa. Muuzaji hodari huanza kwa upole: "Mzee, karibu. Una bajeti ya ngapi?" Anayejibu kwa kutaja akiba yake yote amekwisha kupanga bei ya lori. Jibu linalofaa ni kuuliza: "Hili mnaliuza kwa bei gani, na kwa nini?"

Baadaye huja habari za mteja mwingine atakayefika saa nane na pesa taslimu. Pengine yupo. Lakini mnunuzi aliyeona malori manne hana sababu ya kukimbia, kwani silaha yake kuu ni miguu yake.

Turejelee chama chetu. Tuseme lori limetajwa kwa Sh1.8 milioni. Fundi amepata tairi nne zilizokwisha, ambazo kwa Sh22,000 kila moja ni Sh88,000. Springi za nyuma zitagharimu Sh30,000 na klachi Sh45,000. Jumla ni Sh163,000.

Mnunuzi anayesema "punguza kidogo" humwachia muuzaji kuamua kidogo ni kiasi gani. Anayeweka karatasi ya fundi mezani amebadilisha mazungumzo. Muuzaji sasa lazima aseme tairi hizo ni nzima, jambo ambalo macho yanakanusha, au akubali kwamba gharama ipo na swali ni nani ataibeba.

Muuzaji naye ana hoja zake. Amelipia ushuru, kodi ya uwanja na pengine riba ya benki, na lori likikaa yadini pesa zake zimelala. Hatakubali kupunguza Sh163,000 zote, ila anaweza kuteremka hadi Sh1.68 milioni. Akikwama juu ya hapo, anaweza kuombwa abadilishe tairi mwenyewe au alipie ukaguzi. Vipuri humgharimu yeye kidogo kuliko mteja, kwa hivyo kila upande hupata nafuu.

Katika mazungumzo hayo yote, azungumze mtu mmoja. Chama kinachokwenda na wasemaji watano hujikuta kimepandisha bei chenyewe, kwani mmoja wao atasema mbele ya muuzaji kwamba lori limempendeza.

Mtego wa awamu

Mapatano mengi hupotelea kwenye mkopo, baada ya bei kukubaliwa. Muuzaji akihamisha mazungumzo kutoka bei kamili hadi malipo ya kila mwezi, mnunuzi anapaswa kutoa kikokotoo.

Chama chetu kimelipa Sh680,000 na kubakiza deni la Sh1 milioni la miezi 24. Kikitozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya deni la mwanzo, riba itakuwa Sh480,000, na kila mwezi kitalipa takriban Sh61,667. Asilimia hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni linalopungua, malipo ya mwezi ni kama Sh52,900 na riba yote ni takriban Sh269,000.

Tofauti ni zaidi ya Sh210,000. Chama kilichopigania Sh120,000 kwenye bei kinaweza kupoteza karibu mara mbili ya hizo kwa kukosa kuuliza swali moja: riba inahesabiwa juu ya deni gani?

Kisha hesabu ya kazi. Lori likifanya kazi siku 24 kwa mwezi, Sh61,667 ni sawa na karibu Sh2,570 kila siku, kabla ya dizeli, dereva, utingo na chakula cha wenyewe. Ikiwa kazi iliyopo mtaani haiwezi kutoa kiasi hicho, lori hilo ni ghali hata kama bei yake ni nzuri.

Sheria ya Ununuzi kwa Awamu (Sura ya 507) inampa mnunuzi kinga: akishalipa theluthi mbili ya bei ya ununuzi huo, muuzaji hawezi kulitwaa gari bila kwenda mahakamani. Hata hivyo, sheria hiyo ina kikomo cha thamani ya mkataba na haimhusu mnunuzi ambaye ni kampuni. Mikopo ya kawaida inayodhaminiwa na gari nayo ina kanuni tofauti. Kwa hivyo, mnunuzi aulize karatasi anayotia sahihi ni ya aina gani.

Lori ni la nani?

Swali hili huogopwa na vyama vingi kwa sababu linaonekana kuleta shaka kati ya marafiki. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki (Sura ya 403), mtu ambaye jina lake limeandikwa katika usajili huchukuliwa kuwa mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Chama kikiandikisha lori kwa jina la mwenyekiti, mbele ya serikali lori ni lake. Anaweza kulikopea. Akifariki, jamaa zake wanaweza kulidai pamoja na mali yake nyingine. Wanachama tisa watabaki na daftari la michango na safari ndefu ya mahakama.

Njia moja ni kuunda kampuni yenye hisa za wote, ingawa kwa kufanya hivyo wanapoteza ile kinga ya theluthi mbili. Njia nyingine ni kuandika makubaliano yaliyotiwa sahihi na wanachama wote mbele ya wakili, yakieleza kwamba aliyeandikwa analishikilia lori kwa niaba yao na kila mmoja alitoa kiasi gani. Uamuzi huu ufanywe kabla ya siku ya kulipa, wakati kila mtu bado anacheka.

Kulipa na kuondoka

Arubuni, yaani pesa za kushikilia lori, zisitolewe bila risiti inayotaja nambari ya chasisi, bei iliyokubaliwa, siku za kungoja na iwapo zitarudishwa mapatano yakivunjika. Malipo makubwa yapitie benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Mkataba uandike kila ahadi. Kama muuzaji aliahidi tairi nne, ziandikwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa duni katika hali fulani, lakini aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kutazama juu juu na kutia sahihi kunaweza kumgharimu zaidi.

Umiliki hubadilishwa kupitia mtandao wa NTSA, muuzaji akianzisha ombi nao mnunuzi akilikubali. Sheria ya Trafiki hairuhusu lori kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mwenyewe mpya kusajiliwa. Anayeambiwa "logbuku itakuja, wewe fanya kazi" na asione ombi lolote mtandaoni, siku zake zimeanza kuhesabiwa.

Kwa sababu hiyo, chama kibakize sehemu ya malipo hadi ombi hilo lianzishwe, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Muuzaji mwenye karatasi safi hatakuwa na sababu kubwa ya kulipinga. Anayelikataa katakata huku akihimiza lori liondoke leo leo amempa mteja habari muhimu kuliko zote alizopata yadini, na basi la kurudi Raila bado lipo.